Vidole Vilivyochimba Handaki

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Msajili aliniambia ninyooshe mikono. Nilidhani anataka kuona kama nimekata kucha, vile walimu walikuwa wakifanya shuleni. Kumbe alitaka kuona kama inatetemeka.

"Kazi hii haitaki mkono wa wasiwasi," akasema. "Ukitetemeka, alama inachafuka. Alama ikichafuka, Nairobi wanaikataa. Wakiikataa, anayeulizwa ni mimi. Umenielewa, binti?"

"Nimeelewa, Bwana."

Hapo ni Nyeri, ofisi ya vitambulisho, na mimi ni msichana wa miaka ishirini na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha. Bwana Msajili alikuwa mtu wa Pwani, mrefu, mwenye Kiswahili kitamu hata anapokugombeza. Kikuyu hakujua hata neno la kuombea maji, wala hakuona haya kukubali hivyo. Kwa hiyo nikawa karani wake na mkalimani wake pia. Mzee akija hajui Kiswahili, naitwa mimi.

Nyinyi wa siku hizi mnaweka kidole kwenye kioo, taa inawaka, mmemaliza. Sisi tulikuwa na kibao cha bati, wino mzito kama lami, na rola ndogo ya mpira ya kuusambaza. Unaushika mkono wa mtu, unamwambia aulegeze kabisa, halafu unakiviringisha kidole kutoka ukucha upande huu hadi ukucha upande ule. Vidole vyote kumi. Mtu akikusaidia kusukuma, umeharibikiwa. Wanaume walikuwa wabaya sana kwa kusukuma. Wanawake wazee walikuwa na shida nyingine kabisa, nitaifikia.

Fomu ilikuwa na nafasi ya alama maalum, yaani kovu au kilema cha kumtambulisha mtu. Kila mwanamke wa umri fulani niliyemwandika alikuwa na bonde kwenye paji la uso, lililochimbwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi wa kubebea mizigo mgongoni. Nami nikawa naandika: kovu la mukwa, kovu la mukwa, kovu la mukwa. Siku moja Bwana Msajili akaniita na rundo la fomu mkononi.

"Binti, kama wote wanalo, umaalum wake ni nini?"

Tangu siku hiyo nikawa naandika "hakuna". Wanawake waliobeba kuni, maji, mawe na watoto mpaka mfupa wa kichwa ukapinda, na mimi naandika hakuna. Haikunisumbua hata kidogo wakati huo, na hilo ndilo linalonisumbua sasa.

Nyeri nilikaa miaka minne. Nikapelekwa Karatina, halafu Mwea, ambako vidole vya wakulima wa mpunga vilikuwa vimelainika kwa maji mpaka alama zinateleza kwenye karatasi. Tukawa tunawaambia wakae wiki mbili bila kuingia shambani. Wengine walinicheka. "Madam, wewe ndiye utakuja kupanda?" Kisha Bwana Msajili akapewa Kirinyaga, na akaomba mimi nipelekwe Kianyaga. Aliwaambia wakubwa, nami nikasikia kwa masikio yangu: "Huyu nimemfundisha mwenyewe. Mikono yake naijua."

Huko ndiko nilikokutana na Cucu. Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, na nitamwita hivyo tu. Jina lake silitaji, na la bintiye nimelibadilisha. Mwenye kunilaumu na anilaumu.

Tulikuwa tukizunguka vijijini na meza ya kukunja, tunaandikisha watu chini ya paa la kanisa au kwenye uwanja wa kununulia kahawa. Ulikuwa ule wakati wa kuelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na watu walikuwa na kiu ya kura ambayo sijaiona tena. Bila kitambulisho huandikishwi kupiga kura, na kuandikishwa kura kulikuwa kunafungwa baada ya wiki mbili. Cucu alikuja ameshikwa mkono na bintiye Wambui. Alikuwa mwembamba, ameshika kiondo ambacho hakukiweka chini hata alipoketi. Tuliongea Kikuyu.

"Hii ni mara ya ngapi, Cucu?"

"Ya tatu, mwari. Mara mbili karatasi imerudi, ati sina vidole."

Mwari ni binti. Alinyoosha mikono juu ya meza, nami nikaitazama. Ngai! Ncha za vidole zilikuwa laini kabisa, zinang'aa kama kijiko. Nilipaka wino, nikaviringisha, na vidole vinane kati ya kumi viliacha doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja. Hiyo ndiyo shida ya wanawake wazee niliyoisema. Kwa kawaida tuliwaambia wapake mafuta ya kukamulia ng'ombe kila siku, wakae bila kushika jembe, na ngozi ikipumzika mistari hurudi kidogo. Cucu alikuwa ameshapaka mpaka amechoka.

"Ulifanya kazi gani, Cucu?"

Akanitazama kama aliyeulizwa jambo la kipumbavu. "Unaliona lile handaki kule juu, msitu unapoanzia?"

Nilikuwa nimeliona. Siku hizi limejaa vichaka, mbuzi wanaingia na kutoka. Wakati wa vita vya msituni serikali ya mkoloni iliwalazimisha wanawake walichimbe, ili wanaume waliokuwa msituni wasipate chakula. Wanaume wa kijiji wengi walikuwa vizuizini. Wanawake walichimba tangu asubuhi, majembe yakivunjika wanachimba kwa mikono, halafu walewale wanawake ndio waliokivusha chakula. Cucu alikuwa kiongozi wao. Alikuwa akivusha dawa ndani ya kiazi cha nduma kilichotobolewa katikati na kuzibwa tena kwa kipande chake. Alishikwa, akapelekwa kambini mwaka na miezi, na hakutaja jina la mtu. Hayo hakuniambia yeye. Aliniambia Wambui, mama yake akiwa ameinama anajipangusa wino.

Vita vilipoisha, mzungu akaleta kura ya kwanza ya Waafrika. Huku kwetu ukitaka kupiga lazima uwe na cheti cha uaminifu, cha kuonyesha ulikuwa upande wa serikali. Hapo Cucu akainua kichwa, akasimulia mwenyewe.

"Tulienda kwa Bwana DO, yule mzungu wa wilaya, tukiwa wanawake saba. Tukamwambia, nyumba za kijiji tulijenga sisi, handaki tulichimba sisi, barabara yako tulipasua sisi. Sasa kura ni ya nani? Akatuuliza majina yetu. Tukanyamaza. Akatufukuza."

"Mkaachana na hayo?"

"Tuachane nayo kwa nini? Kabla ya vita tulikuwa hatujui kwamba kijiji kinaweza kuendeshwa na sisi. Tukaendesha. Sasa ungetuambia nini?"

Wale saba walikuwa wakikutana kusuka viondo, na kila kura ilipotajwa walichagua mmoja wa kwenda kuuliza ofisini. Walivitafuta vyeti, wakavikosa. Uhuru ulipokaribia, ruhusa ikaja kwa wote. Mume wa Cucu, aliyekuwa amerudi kutoka kizuizini, akamwambia kura ya nyumba ni moja, atawapigia wote wawili. Baadaye vikaja vitambulisho na vidole. Halafu kura ya kupanga foleni nyuma ya picha ya mtu, ambayo haikuhitaji kidole wala siri. Hiyo Cucu aliikataa yeye mwenyewe. Alisema alishapangwa foleni kambini mbele ya msaliti aliyevishwa gunia usoni, na hapangwi tena.

"Wenzangu sita wote wamepiga," akaniambia. "Hata kama ni mara moja moja. Wanne wameshakufa, lakini walipiga. Mimi niliyewapeleka kwa DO ndiye nimebaki. Nipe hiyo kadi, mwari. Nataka mara moja tu, sitakusumbua tena."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sitaki mnionee huruma. Kulikuwa na njia halali. Mtu asiye na alama za vidole alikuwa anapelekwa kwa Msajili, anakaguliwa, anaandikiwa fomu ya msamaha, na jambo linakwenda Nairobi. Lilichukua miezi. Tulikuwa na wiki mbili. Tena mimi nilikuwa nangoja kupandishwa cheo, na kila fomu iliyorudi ilihesabiwa dhidi ya karani. Nilimhurumia Cucu, haki ya Mungu nilimhurumia. Lakini pia nilijihurumia mimi.

Nikamwambia Wambui aende akalete maji ya kunawa. Alipotoka nikachukua fomu mpya. Vidole viwili vya Cucu vilivyokuwa na mistari kidogo nikavipiga. Vile vinane vilivyobaki nikapiga vyangu.

Cucu alikuwa anatazama. Aliona kidole changu kikiviringishwa mahali pa chake, kimoja baada ya kingine, na hakusema kitu. Nilipomaliza, akanishika mkono uliojaa wino, akaufuta kwa kitambaa chake cha kichwa. Hivyo tu. Wambui aliporudi na maji alinikuta nimeshaandika "zinasomeka".

Ujinga gani huo! Miaka yote ile ya kazi, na sikufikiri kwamba wale wa Nairobi wana macho. Nilimwambia mwenye gari la barua kwamba ni ya haraka, na kweli ilishughulikiwa haraka. Fomu ilirudi siku ya tisa na muhuri mwekundu: alama za watu wawili, udanganyifu, mwombaji ahojiwe. Bwana Msajili alikuja Kianyaga yeye mwenyewe na faili kwapani.

"Vidole vinane vya kijana, viwili vya mzee," akasema. "Ama bibi huyu alikuletea mtu, au kuna jambo baya zaidi. Mimi siamini hilo baya zaidi. Muite."

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha wadogo zangu watatu, baba akiwa ameshafariki. Ningefukuzwa, na kufungwa pia. Asubuhi yote nilijiambia nitasema. Nilijikaza kisabuni, nikapanga hata maneno. Kisha Cucu akaingia na kiondo chake, akaketi kwenye kiti cha mbao mbele ya meza, na Bwana Msajili akanigeukia mimi, mkalimani wake.

"Muulize hivi ni vidole vya nani."

Nikamuuliza kwa Kikuyu. Cucu alinyamaza.

"Muulize tena. Mwambie sitaki kumtesa, nataka ukweli."

Nikamuuliza tena. Alikuwa anatazama ukuta nyuma yetu, uso umetulia kabisa, mikono juu ya kiondo. Nilielewa anachokifanya. Alikuwa anakaa vile alivyokaa mbele ya wale waliomuuliza majina, na safari hii jina alilokuwa anaficha ni langu.

Bwana Msajili akauliza mara ya tatu, nami nikatafsiri mara ya tatu. Cucu akafungua mdomo, akasema neno moja dogo la Kikuyu, maana yake: "Nimechoka."

"Anasema nini?"

Ilikuwa nafasi yangu.

"Anasema ni yeye, Bwana. Anasema alimleta msichana wa jirani, wakanibadilishia mkono nilipokuwa nimegeuka kuchukua karatasi."

Bwana Msajili alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua si wewe," akasema. Akaandika, akafunga faili. Akanituma nimwambie bibi kwamba kwa sababu ya umri wake hatashtakiwa, lakini akitaka kadi sasa lazima aende mahakamani kula kiapo, aeleze yote na kumtaja huyo msichana. Nikamwambia hivyo. Cucu akasimama.

"Siendi kuapa," akasema. "Mwambie ahsante."

Alipopita karibu nami aliniwekea mkono begani, akatoka. Nilijiliwaza kwamba hajui nilichomsingizia, kwa vile niliposema uongo wangu nilisema kwa Kiswahili. Mzee wa kijijini, nikajiambia, ameona tu wakubwa wakiongea. Hilo lilinisaidia kula chakula cha mchana.

Siku ya kura ikafika. Wafanyakazi wa serikali wengi tulipewa kazi vituoni, na mimi nikawekwa kituo cha shule ya msingi, kijiji kilekile. Kazi yangu ilikuwa chupa. Mtu akishatumbukiza karatasi sandukuni, anakuja kwangu, ninachovya kidole chake kwenye wino usiofutika ili asipige mara mbili. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu mkuu aliyeletwa kutoka nje ya wilaya, mtu mpole, amevaa koti la mvua tangu alfajiri.

Foleni ilizunguka uwanja wa mpira mara mbili. Watu wamevaa nguo za kanisani. Nilimwona Cucu tangu saa tatu, yuko kwenye foleni kama wengine, na Wambui mbele yake. Nikasema moyoni, amemsindikiza bintiye. Wazee walikuwa wanaruhusiwa kupita mbele, na watu walimwambia apite, akakataa. Alisimama kwa miguu yake muda wa saa tano nzima. Wambui akapiga, akachovya, akatoka nje. Cucu akabaki amesimama mbele ya meza.

"Kitambulisho, mama," akasema msimamizi.

Hapo ndipo nilipomsikia Cucu akiongea Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kile cha kuamrishwa na maaskari miaka ile, lakini kilikuwa chake na alikijua.

"Bwana mkubwa, mimi hapana kuja kupiga. Mimi iko najua karatasi yangu ilikataliwa. Mimi nataka wino peke yake. Weka hapa," akanyoosha kidole, "niende nyumbani."

Alikuwa amesikia. Kila neno nililomsingizia pale ofisini alikuwa amelisikia na kulielewa, akasimama, akasema ahsante, akaniwekea mkono begani.

Msimamizi alikuna kichwa. "Ati wino peke yake? Wa nini, mama?"

"Wale wenzangu sita, wote walipakwa. Mimi nikikufa, wataniuliza."

Mwalimu yule alitazama karatasi za maagizo, akatazama mawakala wa vyama waliokuwa wamenyoosha shingo, kisha akanitazama mimi. Aliongea kwa sauti ya chini. "Karani, hapigi kura, kwa hiyo sidhani kama kuna ubaya. Chupa iko kwako. Wewe unaonaje?"

Cucu alikuwa ameshanyoosha kidole juu ya meza, kile cha mkono wa kushoto, laini, kinang'aa. Hakunisihi. Hakuniita hata mwari. Alikuwa ananitazama tu, anangoja.

Nami nikawaza: wakiuliza kwa nini mtu asiye na kadi amepakwa wino, watauliza ni nani, watalifungua lile faili, watauliza tena vidole ni vya nani. Nikafunga kifuniko cha chupa.

"Sheria hairuhusu," nikasema.

Nilisema kwa Kiswahili. Alielewa. Akarudisha kidole ndani ya shuka, akageuka, akatoka polepole huku watu wakimpisha.

Alikufa kabla ya uchaguzi uliofuata. Wambui alikuja ofisini kutafuta barua, maana hospitali na chifu walitaka nambari ya kitambulisho cha marehemu na hakuwa nayo. Niliiandika mimi: hakuwahi kusajiliwa. Nikapiga muhuri. Wambui akanishukuru. Mama yake, akasema, alikuwa akiniombea kila Jumapili, akiwaambia hakuna karani aliyehangaika naye kama mimi.

Nilipandishwa cheo, kama nilivyotaka. Nilirudi Nyeri nikiwa mkubwa wa makarani, nikafundisha vijana wengi kuviringisha vidole, nikastaafu na keki na saa ya ukutani. Bwana Msajili alishafariki huko kwao, akiamini mikono yangu. Sasa nakaa Skuta, hapahapa Nyeri, nyumba ya vyumba vitatu, na mjukuu wangu wa miaka ishirini na miwili hajaandikishwa kupiga kura. Nikimgombeza ananiambia, "Cucu, hizo ni story za jaba, porojo tu. Kura inabadilisha nini?" Nataka kumwambia habari za wale wanawake saba, jinsi walivyojua thamani yao wakiwa na udongo mpaka viwikoni, na jinsi walivyobisha milango ya maofisi miaka na miaka wakidai walichokifanyia kazi. Nikianza naona itabidi nimalizie, basi nanyamaza na kumwambia anipitishie chumvi.

Mwezi uliopita Wambui alinipigia simu. Naye sasa ni mzee. Wanawake wa kijiji wameanzisha chama cha kuwahamasisha wasichana wachukue vitambulisho na kupiga kura, wamekipa jina la mama yake, na wanataka mgeni wa heshima siku ya kukizindua, mtu aliyemjua na kumpigania.

"Nikawaambia ni wewe tu," akasema. "Utakuja?"

Nikamwambia nitakuja.